Pampu ya ngama ya galoni 500 kwa saa: je, inatosha kwa mashua ya tanga ya mita 8.5?

MwalimuWaKigo (Kigo) anauliza:

Habari zenu, wanamaji wenzangu. Mwezi uliopita nilinunua mashua ya tanga iliyokwisha kutumika, ya faibaglasi, yenye urefu wa mita 8.5 na injini ndogo ya dizeli. Nimeifunga kwenye boya upande wa Kaazi, Ziwa Viktoria, nami huifikia mara moja au mbili kwa wiki, kazi ya kusahihisha madaftari ikiniruhusu.

Jumanne iliyopita nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikaona tangu mbali kwamba imekaa chini kidogo upande wa tezi, yaani nyuma. Nilipofungua mlango, mbao za sakafu zilikuwa zinaelea, na godoro la kitanda cha kushoto lilikuwa limekwisha kunywa maji. Pampu ya ngama, ile sehemu ya chini kabisa ya mashua yanakokusanyika maji, ilikuwa kimya, na betri imekufa kabisa, hata taa ndogo ya kusomea ramani haikuwaka. Nilifua maji kwa ndoo kwa muda wa saa nzima. Nilihesabu ndoo sabini na kitu kisha nikaacha kuhesabu. Cha ajabu ni kwamba nilipomaliza, maji hayakuongezeka tena. Nilikaa pale mpaka saa sita mchana nikiitazama ngama, na haikuongezeka hata kikombe kimoja.

Pampu hiyo imeandikwa galoni 500 kwa saa. Jirani yangu wa boya la pili ananishauri ninunue ya galoni 2,000 na nisahau habari hii. Kwa hesabu yangu, galoni 500 za Kimarekani ni karibu lita 1,900, yaani jerikani zaidi ya tisini kwa saa moja, na sielewi ni tundu gani lisiloonekana kwa macho linaloweza kuishinda pampu ya namna hiyo. Marehemu mjomba wangu wa Mombasa alinifundisha kuonja maji ya ngama ili kujua yametoka wapi. Nimeyaonja. Ni maji tu.

Naomba wenye uzoefu wanieleze jinsi ukubwa wa pampu unavyochaguliwa, na kama kweli pampu inaweza kuizuia mashua isizame ikipata tundu tukiwa katikati ya safari, kwa maana mwezi wa Desemba nataka kuwapeleka mke wangu na watoto wawili hadi kisiwa cha Bugala.

---

BahariaMstaafu (Jinja) anajibu:

Mwalimu, pole kwa godoro. Mimi nilifanya kazi ya injini kwa miaka mingi katika feri za mabehewa zilizokuwa zikitoka Port Bell kwenda Kisumu na Mwanza, na ingawa ngama ya feri si sawa na ngama ya mashua yako, maji hayajui tofauti hiyo. Nitaanza na maji yanayoingia, kwa sababu watu wengi huanza na pampu, na ndiyo maana hawafiki mahali.

Kasi ya maji yanayopenya katika tundu lililo chini ya mstari wa maji hutegemea kina cha tundu hilo, kwa kanuni ya Mwitaliano Torricelli ya karne ya 17 ambayo bila shaka umeifundisha: kipeuo cha pili cha mara mbili ya mchapuko wa mvutano ukizidishwa kwa kina. Zidisha kasi hiyo kwa eneo la tundu, kisha uchukue kama asilimia 60 ya jibu, kwa kuwa maji hujibana yanapopita katika ukingo wa tundu. Chukua mpira wa choo cha mashua yako, ambao kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 38, na useme umechomoka kwenye koki (vali inayofungia tundu la mashua) iliyo sentimita 40 chini ya mstari wa maji. Hesabu itakupa lita 114 hivi kwa dakika. Ni jerikani karibu sita kila dakika, kupitia tundu ambalo ungeweza kulifunika kwa kiganja. Tundu likiwa na nusu ya kipenyo hicho, milimita 19, maji hushuka hadi robo, yaani lita 28 au 29 kwa dakika. Angalia kwamba kipenyo kina nguvu kuliko kina: ukizidisha kina mara mbili maji huongezeka kwa asilimia 41 tu, lakini ukizidisha kipenyo mara mbili huongezeka mara nne.

Sasa njoo kwenye pampu. Ile namba ya galoni 500 kwa kawaida hupimwa kiwandani bila kupandisha maji hata sentimita moja, na kwa umeme wa volti 13.6, ambayo ni hali ya betri inayochajiwa injini ikiwa inanguruma. Mashua yako ilikuwa kwenye boya, injini imezimwa, betri labda volti 12.3, na maji yanapaswa kupanda mita moja na zaidi kabla ya kutoka ubavuni. Kila sentimita ya kimo hupunguza maji. Mpira wenye mikunjo ndani, kama ule wa mashine ya kufulia nguo, hupunguza. Kona hupunguza, na vali ya njia moja hupunguza zaidi kuliko watu wanavyodhani. Waya mwembamba nao unakula umeme: pampu kubwa inayovuta ampea 10, ikiwa mita sita kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita za mraba 1.5, ule tunaofungia taa za nyumbani, hupoteza volti 1.4 hivi njiani, kwenda na kurudi. Ukiweka waya wa milimita za mraba 6 upotevu unashuka hadi theluthi moja ya volti. Nimekuta pampu nzuri kabisa zikilaumiwa kwa kosa la waya.

Kwa hiyo usiniamini mimi, na karatasi ya dukani usiiamini pia. Mimina maji ya kutosha ndani ya ngama, weka jerikani ya lita 20 chini ya tundu la kutokea huku mtu akiwa kwenye mtumbwi kando, washa pampu kwa betri peke yake, na usome saa. Kama jerikani inajaa kwa dakika moja na nusu, basi pampu yako ni ya lita 13 kwa dakika, hata kama imeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Ukishapata namba hiyo, uliza swali linalofaa, yaani nina dakika ngapi. Tuseme maji yakifika lita 600 yanagusa betri na kila kitu kinazimika. Mpira wa choo ukichomoka na usiwe na pampu kabisa, una dakika tano na kidogo. Ukiwa na pampu inayotoa lita 20 za kweli, una dakika sita na nusu hivi. Ukiwa na ile ya galoni 2,000, ambayo ikifungwa vizuri inaweza kukupa lita 80 za kweli kwa dakika, una dakika kumi na saba au kumi na nane. Zote tatu zinaishia mahali pamoja. Lakini katika dakika sita mtu aliyelala hajavaa hata shati, na katika dakika kumi na saba mtu anayejua koki zake ziko wapi ameshaifunga ile iliyochomokwa na mpira na anachemsha chai. Jirani yako anakushauri kitu kizuri kwa sababu isiyo sahihi.

Kwa haki niongeze kwamba maji ya ndani yakipanda yakalifunika tundu, mwingio hupungua, kwa kuwa kinachosukuma ni tofauti ya kimo kati ya maji ya nje na ya ndani. Lakini mashua nayo inazama chini kadiri inavyojaa, kwa hiyo usiitegemee rehema hiyo.

Ninakuuliza: betri yako iko wapi?

---

TangaJekundu (Entebbe) anajibu:

Mzee Baharia ameeleza vizuri sana habari ya tundu, nami sina la kupunguza. Hata hivyo, ukisoma tena alichoandika Mwalimu utaona kwamba mashua yake huenda haina tundu. Alifua maji yote, akakaa mpaka saa sita mchana, na hayakurudi. Tundu halipumziki.

Mwalimu, naomba uangalie mambo mawili. La kwanza, maji ya pampu yanatokea wapi, na ni sentimita ngapi juu ya mstari wa maji? La pili, siku ile uliyoiacha mashua, ulikuwa umepakia nini upande wa tezi au wa kushoto?

Ninauliza kwa sababu yaliwahi kunipata. Kwenye mashua niliyokuwa nayo zamani, tundu la kutokea maji lilikuwa ubavuni, kiasi cha upana wa kiganja juu ya maji. Tukiwa bandarini kila kitu kilikuwa shwari. Tulipotoka na tanga zote, upepo wa alasiri ukatulaza ubavu, lile tundu likaingia chini ya maji. Pampu ikawaka kwa dakika moja kuondoa maji kidogo ya mvua, mpira ukajaa, pampu ikazima, na maji yakaanza kurudi kwa njia ileile, sawasawa na mtu anavyonyonya petroli kutoka kwenye tangi kwa mpira: ukishanyonya ya kwanza, inayofuata inakuja yenyewe. Pampu hizi za kuzungusha hazina kitu ndani cha kuyazuia maji yasirudi. Yakirudi, swichi ya boya, ile inayoelea juu ya maji ya ngama, huinuka, pampu huwaka, huyatoa, huzima, nayo hurudi tena. Inaweza kuendelea hivyo usiku kucha bila mtu kusikia, mpaka betri ife, na betri ikifa maji hayana tena wa kuyatoa. Mashua haihitaji kulala ubavu sana ili jambo hilo litokee. Ikiwa imefungwa kwenye boya na tezi imelemewa na mzigo, inatosha.

Mafundi wengi hujaribu kutibu hali hiyo kwa kuweka vali ya njia moja. Mimi siipendi hata kidogo. Ikikaa safi inapunguza maji, na ikiingiwa na uchafu haifungi, na katika ziwa letu uchafu haupungui. Dawa yake ni kuupandisha mpira juu kabisa, mpaka chini ya staha, ile sakafu ya juu ya mashua, uufanye upinde kama shingo ya bata, na kwenye kilele cha upinde uweke vali ndogo ya kuingiza hewa, kisha mpira ushuke kutokea kwenye tundu lililo juu, mahali ambapo hata mashua ikilala hapafikiwi na maji. Hewa ikiingia, mnyonyo unakatika.

Kuhusu kuonja: kanuni ya mjomba wako ni ya baharini, ambako chumvi inakuambia kama maji yametoka nje au yametoka kwenye tangi na mvua. Nyanza inatunyima msaada huo. Hapa maji ya ziwa, ya mvua na ya tangi la kunywea yote yana ladha ya maji.

---

FundiMbao (Ggaba) anajibu:

Kwa kuwa kuonja kumeshindikana, Mwalimu, nitakupa njia tunayoitumia gereji. Kausha ngama kwa sponji, kisha kwa kitambaa, mpaka ukipitisha mkono hautoki na unyevu. Nyunyiza unga laini, hata poda ya mtoto inafaa, chini ya kila koki, chini ya shafti inayozungusha rafadha, chini ya mlingoti kama unapita kwenye staha kwenda hadi kwenye mkuku, ule uti wa chini wa mashua, na chini ya tangi la maji. Ondoka. Ukirudi kesho yake utaona njia ya maji imechorwa kwenye unga, nyembamba kama uzi, na utaifuata kwa kidole mpaka ilikotoka. Fanya hivyo siku isiyo na mvua, kisha rudia baada ya mvua, kwa maana miezi ya masika mlingoti pekee unaweza kuleta ndoo nzima bila mashua kuwa na ubovu wowote chini ya maji.

Kasha la shafti lenye kamba za kuzibia linaruhusiwa kudondosha tone moja moja shafti inapozunguka, lakini likidondosha wakati mashua imelala kwenye boya, likaze kidogo, ila usikaze mpaka lipate moto.

Sisi tunaojenga mitumbwi ya mbao hatuna ugomvi na maji ya ngama. Ubao uliokaa juani unapasua kalafati, zile pamba za kuziba maungio, ukirudishwa ziwani unavuja siku mbili mpaka uvimbe, na wavuvi wanayafua kwa jerikani lililokatwa mdomo kana kwamba wanapumua. Ninawashangaa wenye mashua za faibaglasi, ambao hawajawahi kufua maji hata siku moja, kwa hiyo siku yakiingia hawajui waanzie wapi. Wewe sasa umefua ndoo sabini, unajua. Mtu mzima mwenye hofu na ndoo ya lita 10 anatoa maji mengi kuliko pampu yako ile, kwa dakika chache za mwanzo, kabla mgongo haujakataa. Kanuni za mashindano ya tanga ya baharini hudai ndoo mbili zenye kamba, kila moja isiyopungua lita 9, na ninaona waliozitunga waliwahi kulowa.

---

KijanaWaMunyonyo anajibu:

Nawashukuru wazee kwa elimu, lakini kwa nini mnamchosha Mwalimu kwa mipira na waya? Afunge pampu mbili za galoni 2,000 pale chini, amalize. Na maji yakizidi, afunge koki ya maji ya kupozea injini, achomoe mpira wake na kuutumbukiza ndani ya ngama, injini yenyewe iyavute maji na kuyatupa nje. Nimesikia kwamba watu wa majahazi makubwa ndivyo wanavyofanya.

---

BahariaMstaafu anajibu:

Kijana wangu, umelisema vizuri ila umelisikia nusu. Pampu ya kupozea injini ndogo kama ya Mwalimu haivuti maji mengi kuliko ile pampu yake ya galoni 500, na inavuta kwa kutumia jani la mpira laini ambalo likinyonya kipande cha kitambaa au unyuzi wa godoro linakatika, na hapo umepoteza ngama na injini kwa mpigo mmoja. Katika mashua inayojaa, injini ni mali. Inachaji betri, na betri ndiyo inayoendesha pampu. Sitaki uihatarishe kwa lita 15 au 20 kwa dakika.

Kuhusu pampu mbili kubwa pale chini, tatizo lake linaonekana baada ya wiki moja. Ngama ya mashua ya tanga ni nyembamba na yenye kina. Pampu kubwa ina mpira mnene, na inapozima, maji yaliyomo kwenye mpira huo yanarudi chini. Maji hayo peke yake yanatosha kuinua swichi tena. Kwa hiyo inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, ikila ampea zako bila faida. Ndogo ikae chini kabisa kwa maji ya kila siku. Kubwa ikae juu yake sentimita kumi na tano au ishirini, kwenye kibao chake, na swichi yake, waya wake, fyuzi yake, mpira wake na tundu lake la kutokea. Siku kubwa itakapowaka, ujue kuna jambo, na kwa sababu hiyo fungia king'ora kwenye swichi hiyohiyo. King'ora ni kidogo na cha bei nafuu kuliko pampu, lakini kinakupa dakika ambazo pampu haiwezi kukupa, zile unazozipoteza ukiwa juu kwenye usukani ukifikiri kwamba mashua imekuwa nzito kwa sababu ya upepo.

Halafu kuna pampu ya mkono, ambayo hakuna aliyeitaja. Ifungwe mahali ambapo anayeshika usukani anaweza kuivuta bila kufungua sanduku lolote. Haihitaji betri.

---

MwalimuWaKigo anajibu:

Nimerudi na matokeo, na naomba mniwie radhi kwa urefu.

Dada TangaJekundu, ulisema kweli tupu. Tundu la kutokea maji liko upande wa kushoto wa tezi, na nilipolipima mashua ikiwa tupu lilikuwa sentimita 9 juu ya maji. Jumapili ile niliyoiacha, nilikuwa nimeweka jerikani nne za maji ya kunywa na nanga ya akiba katika sanduku la nyuma upande huohuo, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Nilizirudisha jerikani zile pale pale ili nione. Tundu lilizama nusu, na kila wimbi dogo la boti inayopita lilikuwa linalimeza lote. Niliwasha pampu kwa mkono, nikaizima, kisha nikalala kifudifudi na tochi nikitazama chini. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu nikaona maji yanachomoza taratibu kutoka kwenye chujio la pampu yenyewe, safi kabisa, kama chemchemi.

Vali ya njia moja ilikuwepo. Niliifungua kwa bisibisi juu ya karatasi ya gazeti: ndani yake, kati ya kifuniko cha mpira na kikalio chake, kulikuwa na kipande cha mzizi wa magugu maji, cheusi, chenye manyoya, kisichozidi urefu wa kucha ya kidole gumba. Basi hicho ndicho kilichokuwa karibu kuizamisha mashua yangu.

Mzee Baharia, jerikani ya kwanza ilijaa kwa dakika 1 na sekunde 25, yaani lita 14 kwa dakika, chini ya nusu ya ile niliyokuwa nikiipigia hesabu. Kwenye waya za pampu nilipima volti 10.9 ikiwa inafanya kazi. Nimebadilisha waya, nimeondoa mpira wenye mikunjo nikaweka laini ndani, nimeitupa ile vali, na nimeupandisha mpira kwa upinde kama alivyoeleza dada. Jerikani sasa inajaa kwa sekunde 52, yaani lita 23 kwa dakika. Pampu ni ileile. Betri ilikuwa imekaa sakafuni nyuma ya ngazi, mahali pa kwanza kabisa kufikiwa na maji. Nimeihamishia chini ya meza, sentimita 40 juu zaidi.

Poda nayo imesema. Hakuna mstari hata mmoja chini ya koki, lakini chini ya shafti kuna njia moja, na baada ya mvua ya Alhamisi kukawa na nyingine chini ya mlingoti, pana kama kidole.

Lililobaki ni pampu kubwa. Nimeamua kuifunga ya galoni 2,000 juu ya ile ndogo, pamoja na king'ora. Swali langu la mwisho ni kuhusu koki tatu za mashua hii: ya choo, ya sinki na ya injini. Ya sinki haizunguki kabisa. Je, niiache mpaka mashua itakapopandishwa nchi kavu, au nijaribu kuilazimisha kwa spana?

---

TangaJekundu anajibu:

Usiilazimishe ikiwa majini, Mwalimu. Koki iliyoganda ikivunjikia kwenye shingo, ile hesabu ya Mzee Baharia ya lita 114 itaacha kuwa hesabu. Ipandishe mashua kabla ya Desemba, uibadilishe. Na kila mpira ulio chini ya maji uufunge kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, ukiangalia pia skrubu ya klipu, maana mara nyingi mkanda ni wa chuma kizuri na skrubu ni ya chuma cha kawaida. Utaona imeshaanza kuwa nyekundu wakati mkanda bado unang'aa. Nenda na sumaku ndogo dukani. Skrubu ikinaswa kwa nguvu, irudishe kwenye rafu.

Na usisahau kuwafundisha mkeo na watoto koki ziko wapi. Mimi nimezichora kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa choo, mahali ambapo kila mtu hukaa kwa muda bila la kusoma.

---

FundiMbao anajibu:

Mpaka ubadilishe hiyo koki ya sinki, Mwalimu, chukua mbao laini ya msonobari, hata mabaki ya Ndeeba yanatosha, na uchonge vizibo vitatu vyenye umbo la karoti, ncha ikiwa nyembamba kuliko tundu na kichwa kikiwa kinene kuliko tundu. Usivipake rangi wala vanishi, kwa sababu mbao inapaswa kunywa maji ivimbe. Kila kimoja kitoboe kichwani, upitishe kamba, ukifunge kwenye koki yake, kikining'inia hapohapo. Nimeona watu wenye vizibo vizuri sana vilivyofungwa kwenye mfuko mmoja, mfuko uko ndani ya sanduku, na sanduku liko chini ya godoro lililolowa.